Kabla hujanunua vidonge vya tezi, tazama kopo lako la chumvi

Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetupa afya kuwa amana mikononi mwetu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Leo katika safu hii tutazungumzia jambo lililoenea sana katika majumba yetu, hapa Kasulu na jirani zetu wa Kibondo: tabia ya kununua vitamini na vidonge vya tezi kila tunapojisikia tumechoka.

Siku moja ya gulio alinijia mama mmoja akiwa na mfuko wa plastiki. Aliufungua juu ya meza yangu, akatoa makopo manne. La kwanza lilikuwa la multivitamini, la pili la vitamini B, la tatu la unga wa mitishamba. La nne lilikuwa kichupa alicholetewa na ndugu yake kutoka Dar es Salaam, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kinasaidia tezi ya shingo. Akasema, "Daktari, nachoka, nasikia baridi, nywele zinakatika, na sasa moyo unakwenda mbio. Nimemeza hivi vyote miezi miwili, sioni nafuu." Kwa ajili ya makopo hayo alikuwa amekwishauza madebe mawili ya maharage.

Nilimpima. Wingi wa damu yake ulikuwa 7, na mama mjamzito anatakiwa asipungue 11. Naam, alikuwa mjamzito wa miezi mitatu. Jambo hilo hakumwambia aliyemuuzia dawa, wala muuzaji hakumuuliza.

Dalili moja, sababu nyingi

Ndugu msomaji, uchovu si ugonjwa, ni dalili. Uchovu unaweza kuletwa na upungufu wa damu, malaria, minyoo ya safura, ujauzito, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, huzuni ya muda mrefu, au kazi nyingi na chakula kidogo. Unaweza pia kuletwa na tezi ya shingo iliyolegea. Mtu anayenunua kopo kwa kusikia tangazo la kipaza sauti gulioni anakisia jibu moja kati ya majibu kumi. Akikosea, ugonjwa wenyewe unaendelea kukua huku yeye akingoja vitamini zifanye kazi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa. Ametuonya vilevile kwamba anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Basi onyo hilo tulizingatie sote, anayeuza na anayemshauri jirani yake.

Tezi hii ni nini?

Mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouongoza mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ikilegea, mtu huwa mzito: huchoka, husikia baridi, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, na uzito huongezeka. Ikichachamaa, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka na mwili hukonda ingawa mtu anakula.

Ili itengeneze homoni hizo, tezi inahitaji iodini, ambayo sisi tumezoea kuiita madini joto. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Ukikusanya ya umri mzima wa mtu mmoja, hayajazi zaidi ya kijiko cha chai. Yakikosekana, tezi hujitanua ikijaribu kukamata kidogo kilichopo, na huo uvimbe ndio tunaouita rovu.

Kwa nini nyanda zetu za juu?

Wapo wanaodhani kwamba rovu ni uchawi, na wapo wanaochanjwa shingoni kulitibu. Sababu iko ardhini. Katika nchi za milima, mvua za miaka mingi huosha madini joto kutoka kwenye udongo na kuyapeleka baharini. Maharage, mahindi na muhogo vinavyoota katika udongo huo vinayakosa pia. Samaki wa baharini wana madini joto mengi, lakini Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Kwa hiyo dagaa na migebuka, pamoja na ubora wake mkubwa kwa protini, visitegemewe kuziba pengo hili.

Muhogo nao una habari yake. Ndani yake mna sumu ambayo, isipotolewa vizuri, mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kukamata madini joto. Jambo hili lilichunguzwa kwa jirani zetu wa Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 waliona kwamba madini joto ni machache kisiwa kizima, lakini rovu limezidi sana upande wa kaskazini. Swali hilo likawaelekeza kuchunguza muhogo. Hatusemi watu waache ugali wa muhogo. Tunasema muhogo ulowekwe siku za kutosha na ukaushwe vizuri juani, kama bibi zetu walivyofanya, na chumvi iwe na madini joto.

Kinachopotea kabla ya kuzaliwa

Rovu huonekana, lakini hasara kubwa zaidi haionekani. Mtoto akiwa tumboni, ubongo wake hujengwa kwa msaada wa homoni za tezi, na katika miezi ya mwanzo hutegemea zile za mama yake. Mama akikosa madini joto, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa. Pale upungufu ulipozidi, wapo waliozaliwa mabubu viziwi. Wengi zaidi huwa na upungufu mdogo usio na jina: mtoto mzito wa kushika somo, shuleni na madrasa.

Mimi nilisoma madrasa kabla ya kusomea utabibu. Nawakumbuka wenzangu waliopigwa bakora kwa kushindwa kukariri aya ambazo sisi tulizishika kwa siku moja. Siwezi kusema ni nini kilichomrudisha nyuma kila mmoja wao. Lakini najua kwamba bakora haiujengi ubongo, na najua kwamba sehemu iliyokosekana tumboni hairudishwi baadaye kwa kopo lolote la vitamini, liwe na bei gani.

Chumvi ndiyo kinga

Nchi yetu ililiona tatizo hili mapema. Kuanzia miaka ya 1980, wilaya zilizoathirika zaidi, zikiwemo za mkoa wetu wa Kigoma, ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Baadhi ya wazee wetu watavikumbuka. Kisha katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Matunda yalionekana. Miaka ya 1980 watoto wa shule wapatao 25 kati ya 100 nchini walikuwa na rovu. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004 walibaki 7, na kaya 84 kati ya 100 zilikutwa na chumvi yenye madini joto.

Lakini kazi haijesha. Wengine hudhani kwamba chumvi ikiwa ni ya kwetu Uvinza, basi madini joto yamo tu. Sivyo. Chumvi ya chemchemi na ya bahari haina ya kutosha kwa asili yake, bali huongezwa wakati wa kuitengeneza. Kwa hiyo nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, usichukue ile ya kupimwa kwa kopo ambayo hujui imetoka wapi. Nyumbani iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Usiioshe. Itie kwenye mchuzi unapokaribia kuepua, kwani moto wa muda mrefu huyapunguza madini joto. Wala usizidishe chumvi ukidhani unaongeza kinga: mtu mzima inamtosha chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Zaidi ya hapo unakaribisha shinikizo la damu.

Vidonge vya tezi si vitamini

Hapa naomba usikivu wako, ndugu msomaji. Mgonjwa ambaye tezi yake imethibitika kulegea hupewa dawa iitwayo levothairoksini. Hiyo ni homoni. Hupimwa kwa uzito, umri na majibu ya damu, na mara nyingi hutumiwa maisha yote. Mtu mwenye tezi nzima akiimeza ili apungue unene au apate nguvu, anaweza kuuchosha moyo na kudhoofisha mifupa. Ukipewa na daktari, usiiache kwa sababu umepata nafuu, wala usimgawie jirani.

Vichupa vinavyouzwa kama virutubisho vya tezi vina hatari yake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliochunguza bidhaa 10 za namna hiyo zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari. Bidhaa 9 zilikutwa na homoni ya tezi ndani yake. Vingine vina madini joto kupita kiasi, na mtu aliyeishi na rovu miaka mingi akiyapata kwa wingi ghafla, tezi yake inaweza kuchachamaa. Hali hiyo ilionekana Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990. Chumvi kwa kiasi cha kawaida ni salama kwa watu kwa ujumla, lakini mwenye uvimbe wa zamani na asikiaye moyo kwenda mbio afike hospitali.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Baadhi ya dawa na virutubisho vya tezi vinavyosifiwa kuwa vya asili hutengenezwa kwa tezi za wanyama zilizokaushwa, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Fatwa tunawaachia masheikh wetu. Kwa upande wa tiba, levothairoksini hutengenezwa maabara, na ndiyo tiba ya kawaida hospitalini. Basi soma maandishi ya kichupa, na usipoyaelewa, muulize anayejua.

Vitamini zina watu wake

Sisemi vitamini hazina kazi. Mjamzito anahitaji vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo hupewa kliniki. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa vitamini B6 ili dawa zisimletee ganzi. Hao wanazo sababu zinazojulikana.

Lakini vitamini A ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Bayotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga majibu ya kipimo cha tezi, hivyo mwambie daktari kama unaitumia. Nayo madini ya chuma na kalsiamu huizuia levothairoksini isifyonzwe, kwa hiyo viachane kwa saa 4.

Mwezi wa Ramadhani

Wengi wanaotumia levothairoksini huuliza kuhusu funga. Dawa hii hunywewa kwa maji, tumbo likiwa tupu. Wengi wao wanaweza kuimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya daku, au usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Onana na daktari wako kabla ya mwezi kuandama mkubaliane. Kuiacha mwezi mzima si sawa.

Tufanye nini?

Kwanza, uchovu ukizidi wiki mbili, nenda zahanati au kituo cha afya upimwe damu, malaria, sukari na choo, na mwanamke apimwe ujauzito. Pili, ukiwa na uvimbe shingoni, sauti iliyobadilika, shida ya kumeza au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, omba uchunguzi wa tezi. Kipimo cha homoni hakipo kila mahali, hivyo ukipewa rufaa usiipuuze. Uvimbe unaokua haraka usingoje kabisa. Tatu, chukua dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, umwoneshe mganga. Nne, msichana na mama mwenye matumaini ya kuzaa wawe na chumvi yenye madini joto jikoni kabla ya mimba, si baada yake.

Yule mama nilimtaka akiache kile kichupa siku ileile. Moyo wake kwenda mbio ungeweza kuletwa na upungufu wa damu, na ungeweza kuletwa na kichupa, kwa hiyo nilimpa rufaa akapimwe tezi. Majibu ya tezi yalikuwa mazuri. Alitumia vidonge vya damu vya kliniki, ambavyo hakuvilipia, na alipofikisha miezi sita damu yake ilikuwa 10. Aliniuliza kama zile pesa za maharage zingeweza kurudi. Nikamwambia hazirudi. Akacheka, akasema basi angalau nimwambie chumvi ipi anunue.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atuhifadhie afya zetu na vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.