Fahamu: Próspera, mji unaotawaliwa kwa mkataba

Wengi wetu tumezaliwa tukaikuta serikali. Hakuna aliyetuletea karatasi tusaini. Katika kisiwa cha Roatán, Honduras, kampuni ya Marekani imejaribu njia nyingine. Anayetaka kuwa mkaazi wa Próspera husaini mkataba na utawala wa eneo hilo, unaotaja haki na wajibu wake. Mfanyabiashara anaweza hata kuchagua kanuni za nchi nyingine zisimamie shughuli zake, na migogoro hupelekwa kwa wasuluhishi. Sheria za jinai hubaki za Honduras.

Hoja ya watetezi wake ina uzito: mkataba ulioandikwa unadaika, ahadi ya jukwaani haidaiki.

Lakini ridhaa ni ya nani? Jirani kabisa kuna kijiji cha Crawfish Rock, ambacho wakazi wake hawakusaini chochote. Sheria ya Honduras ya 2013 iliyozaa maeneo ya aina hii iliruhusu ardhi kutwaliwa kwa ajili ya kuyapanua. Kampuni ilisema haitatwaa ardhi ya mtu kwa nguvu. Hofu haikuisha, na mimi siwalaumu wanakijiji.

Aprili 2022 Bunge liliifuta sheria hiyo kwa kauli moja. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ikatamka kuwa inakiuka katiba. Kampuni nayo imeishtaki Honduras katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ikidai takriban dola bilioni 10.7. Ikishinda, watakaolipa ni walipakodi wa Honduras, ambao mkataba huo hawakuusaini.