Faida Iliyoyeyuka Juba

Tarehe 15 Desemba 2015, Sudan Kusini iliacha kushikilia bei rasmi ya pauni yake. Dola moja, iliyokuwa pauni 2.96, ikapanda hadi takriban 18.5. Benki tatu za Kenya, yaani KCB, Equity na Benki ya Ushirika, zilikuwa na kampuni tanzu Juba. Hata kama wakopaji wote wangeendelea kulipa, faida ya benki hizo kwa pauni ilibaki na thamani pungufu ya moja ya sita ikipimwa kwa dola.

Kwa kawaida uchunguzi wa benki huanzia kwenye mikopo chechefu. Hapa mikopo haikuwa kiini; kiini ni sarafu. Karibu mapato yote ya serikali ya Sudan Kusini yalitokana na mafuta. Vita vilivyoanza Desemba 2013 vilipunguza uzalishaji, kisha bei ya pipa ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 40 mwishoni mwa 2015. Dola zikaadimika, na bei ya mtaani ikaipita mbali ile rasmi. Miezi yote hiyo, faida iliyosomwa Nairobi ilikuwa imegeuzwa kwa bei ambayo wafanyabiashara wengi wa Juba hawakuweza kupatia dola. Kwa hiyo tangazo la Desemba halikuiangamiza faida hiyo. Liliifichua: sehemu kubwa yake ilikuwa ya karatasi tu.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulipita asilimia 800. Kanuni za kimataifa za uhasibu hutaka hesabu zirekebishwe pale mfumuko wa miaka mitatu unapokaribia au kuzidi asilimia 100. Kiwanda kina mashine na majengo ya kukinga thamani. Mali ya benki karibu yote ni fedha na madai ya fedha. Mtaji uliolala katika pauni huliwa kila siku, na upungufu huo huandikwa kuwa hasara, hata riba ikiendelea kuingia. Kampuni mama nayo haiwezi kuondoa gawio pasipo dola za kununua.

Katika hesabu za kundi zima hasara hiyo humezwa na faida kubwa ya Kenya, na msomaji asiyefungua jedwali la kila nchi haioni.

Februari 2024 bomba linalosafirisha mafuta ya Sudan Kusini hadi Bahari ya Shamu liliharibika ndani ya Sudan iliyo vitani. Dola zikaanza tena kukauka Juba.