Tumefungiwa Nje: Tumwite Nani?

Mwaka jana, baina ya Magharibi na Isha, walifika ofisini kwetu msikitini ndugu wawili wa marehemu mmoja tuliyekuwa tumemzika wiki tatu kabla. Haja yao ilionekana ndogo. Nyumba ya ndugu yao imefungwa, walisema, ufunguo umepotea, na ndani mna nyaraka zinazotakiwa Mahakama ya Mwanzo kesho yake asubuhi. Waliomba kamati iwaitie fundi wa vitasa anayeaminika, kisha iwepo kushuhudia mlango ukifunguliwa. Watu hawa tuliwajua kwa sura. Tulisimama nao kaburini na tulikula nao hitima. Tukampigia simu fundi.

Fundi tuliyemwita ni mzee mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Funguo. Alifika na mkoba wake wa ngozi, akapiga magoti mbele ya mlango, akamulika tundu la ufunguo kwa tochi. Hakufungua mkoba. Akainuka na kuuliza, "Nani anaishi humu?"

"Ni nyumba ya marehemu kaka yetu," wakajibu.

"Marehemu, Allah amrehemu, haishi humu tena. Nauliza nani alilala humu jana."

Hapo kukawa kimya. Jirani mmoja aliyekuwa akitazama kutoka barazani kwake ndiye aliyetujibia: alilala mjane na mtoto. Yumo katika eda, na tangu alfajiri yuko hospitali, mtoto amepandwa na homa. Mzee Funguo akaomba namba ya mama yule, akapiga mbele yetu sote. Ufunguo haukuwa umepotea hata kidogo. Ulikuwa ndani ya pochi ya mwenye nyumba. Mzee akafunga mkoba wake na kukataa hata nauli ya bodaboda tuliyomnyooshea. "Mimi nafungua milango, wanangu," alisema, "mirathi ina wenyewe."

Tunakiri mbele ya wasomaji kwamba tulirudi msikitini vichwa chini. Kwenye kamati yetu wamo waliosoma mlango wa mirathi chuoni kwa miaka, na katibu wake ni mmojawapo. Sote tunajua kwamba Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya kuomba ruhusa. Kisa cha ufunguo wa Al-Kaaba tumekihadithia watoto madrasa: siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, ufunguo ulirudishwa mkononi mwa Uthman bin Talha, ijapokuwa walikuwapo jamaa wa karibu zaidi walioutamani. Na bado swali lililopasa kuulizwa na sisi liliulizwa na mzee mwenye mkoba wa nyaya na tupa.

Tangu jioni ile tumekuwa tukipita kibandani kwake, kwanza kwa ajili ya kuomba radhi, baadaye kwa ajili ya kujifunza. Kufungiwa nje ni jambo linalozipata familia nyingi, na wengi wetu hulikabili kwa nyundo.

Dakika za mwanzo

Liko jambo moja lisilongoja fundi wala kamati. Ikiwa ndani amebaki mtoto mdogo, mgonjwa, au jiko linalowaka, vunjeni. Mama mmoja wa mtaani kwetu alitoka kuanua nguo, upepo ukausukuma mlango nyuma yake, na ndani alikuwamo mtoto wa mwaka na nusu amelala, na jiko la mkaa limebandikwa maharage. Wanaume walikusanyika, wakaanza kushauriana ni fundi gani aitwe, na yupi ana bei nafuu. Bibi mmoja mtu mzima akawapita, akachukua mchi na kuvunja kioo cha dirisha la chumba cha mtoto ili hewa iingie, ndipo vijana wakapata akili ya kuleta mtaimbo. Bibi alikuwa na haki. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini bila ya moto kuonekana. Kioo hununuliwa. Wakati mmoja anavunja, mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Pasipo hatari ya namna hiyo, tulieni. Zungukeni nyumba nzima: mlango wa uani, dirisha ambalo komeo lake halikufungwa, mtu mwingine mwenye ufunguo. Mzee Funguo anasema mara nyingi ameitwa kutoka mbali, akafika na kukuta mlango wa jikoni uko wazi. Msitumbukize kisu wala waya kwenye tundu. Ufunguo ukikatikia ndani, msijaribu kuusukuma kwa kipande kilichobaki, kwani kila msukumo unakizamisha zaidi kile ambacho fundi angekitoa kwa dakika chache akitumia koleo jembamba. Na tafadhali msimpandishe kijana juu ya paa. Bati halina huruma, na mguu uliovunjika hauwezi kuwekewa silinda mpya.

Namna kitasa kinavyofanya kazi

Inafaa kulielewa jambo hili kidogo, kwa sababu asiyejua kitasa chake huuziwa kingine bila ya sababu.

Milango mingi ya vyumba vyetu ina kitasa cha zamani ambacho ufunguo wake ni mrefu, una kijiti cha mviringo na jino bapa mwishoni. Ndani yake mna vibati vinavyoinuliwa na jino hilo hadi kimo maalumu. Vikishafika hapo ndipo ulimi mkubwa unaporudi nyuma. Milango ya nje ya nyumba mpya aghalabu ina silinda, yaani kile kipande cha shaba kinachoingizwa ufunguo bapa wenye makato. Ndani ya silinda kuna vijiti vidogo vilivyokatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Makato ya ufunguo yakiwa sahihi, mipasuko ya vijiti vyote hujipanga katika mstari mmoja na silinda ikazunguka. Kijiti kimoja tu kikikosea, haizunguki. Wamisri wa kale walifanya jambo la jinsi hiyo kwa vigingi vya mbao. Linus Yale wa Marekani alilipatia hataza kwa umbo tunalolijua leo katika miaka ya 1860.

Kwa kuwa tumeligusa, tuongeze na hili, hasa kwa vijana wa madrasa wanaopenda mitambo: Al-Jazari, katika kitabu chake alichokikamilisha mwaka 1206, alieleza kufuli la sanduku lisilo na ufunguo kabisa, linalofunguliwa kwa kupanga herufi katika visahani vinne. Na lisije likadhaniwa lipo kufuli lisilofunguka. Kufuli la Joseph Bramah lilikaa dirishani mwa duka lake London kwa miongo mingi, pamoja na ahadi ya zawadi kwa atakayelishinda. Mwaka 1851 alikuja Mmarekani, Alfred Hobbs, akalishinda. Ilimchukua zaidi ya saa 50 zilizotawanywa katika siku 16, lakini alilishinda.

Basi, mlango uliojibamiza wenyewe na kushikwa na ule ulimi mdogo wa mshazari haujafungwa kwa maana kamili. Fundi anayeijua kazi huurudisha ulimi huo kwa kipande chembamba cha plastiki kinachopitishwa kati ya mlango na fremu, na hakuna kinachoharibika. Mlango uliozungushiwa ufunguo ni kazi nyingine. Hapo fundi atachokoa vijiti au vibati kimoja kimoja, na akishindwa ndipo atatoboa silinda kwa drili. Kutoboa ni hatua ya mwisho. Anayefika na kutoa drili kabla hajaugusa mlango ama hajui kuchokoa, ama amekuja kuuza kitasa.

Fundi yupi, na kwa bei gani

Fundi mwema huanza kwa kukuuliza wewe. Jambo hili huwakera watu. Mtu yuko nje usiku, mbu wanamla, watoto wanalia, naye fundi anamtaka athibitishe kwamba nyumba ni yake! Lakini fikiria: anayekufungulia wewe bila ya kukuuliza atamfungulia na mwizi wako bila ya kumuuliza. Kuvunja nyumba ya mtu ni kosa la jinai, na likitendeka usiku adhabu yake ni nzito zaidi. Fundi anayetaka kumwona jirani, mjumbe wa shina, au mkataba wako wa kupanga anajilinda yeye na anakulinda wewe.

Mpangaji aliyetiwa kufuli na mwenye nyumba kwa sababu ya deni la kodi asimtafute fundi. Hilo ni shauri la serikali ya mtaa kwanza, na likishindikana, la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vivyo hivyo mume na mke waliokosana. Tumeshaombwa mara mbili kumwitia fundi mume aliyefungiwa na mkewe, na mara zote mbili tulipeleka wazee badala ya fundi.

Juu ya bei, semeni kabla ya mkoba kufunguliwa. Sisi wenyewe tulitiwa adabu. Ufunguo wa stoo ya msikiti ulipopotea katika mwezi wa Shaabani, tulimwokota fundi mmoja njiani kwa kuwa Mzee Funguo alikuwa safarini. Tulipatana shilingi 15,000 za kufungua. Alipomaliza akadai 60,000, kwa maelezo kwamba ametoboa, na kwamba aliyotoboa lazima aweke nyingine, na nyingine anayo mkobani. Tulilipa, maana futari za wiki ya kwanza zilikuwa ndani ya stoo ile. Sasa tunauliza mambo matatu kwa mkupuo: kufungua bila ya kutoboa ni kiasi gani, ikibidi kutoboa ni kiasi gani, na kifaa kipya nani atakinunua. Jibu likiwa ni "tutaelewana tu", tunamshukuru na kumwacha aende.

Muulizeni pia kibanda chake kiko wapi na nani mtaani anamfahamu. Namba ya fundi wa namna hiyo itafutwe mchana wa amani na kuandikwa mahali ambapo mama na watoto wanaijua, si katika simu ya baba peke yake. Baba akiwa safarini, simu yake iko safarini pia.

Baada ya mlango kufunguka

Hapa ndipo watu wengi hulala. Ikiwa ufunguo umekatika au umesahauliwa ndani, kazi imekwisha. Ikiwa umepotea, na hasa ikiwa umepotea pamoja na pochi yenye kitambulisho au barua inayoonyesha unapoishi, basi mlango wako una mwenyewe wa pili usiyemjua. Toeni taarifa polisi na badilisheni kifaa siku hiyo hiyo. Kwenye mlango wa silinda hakuna haja ya kununua kitasa kizima: iko skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, ikitolewa silinda huchomoka, na mpya hutiwa mahali pale pale. Pimeni ya zamani kabla ya kwenda dukani, kwani urefu hutofautiana.

Kuchongesha funguo za akiba nako kuna adabu yake. Simameni hapo mpaka fundi amalize, kisha mhesabu mlizotoa na mlizopewa. Wazee wanakumbuka wizi wa kuchapa ufunguo kwenye sabuni. Siku hizi picha safi ya simu inatosha kumpa mjuzi makato yote, kwa hiyo kijana anayeposti ufunguo wa nyumba mpya ili kufurahisha rafiki zake anaupeleka mbali kuliko anavyodhani. Ufunguo wa akiba usiwekwe chini ya chungu cha maua wala juu ya fremu. Apewe mtu, na mtu huyo ajue kwamba amepewa amana. Usiandikwe namba ya nyumba kwenye kishikizo chake.

Kamati yetu imeweka daftari. Yeyote anayekuja kuomba tumwitie fundi huandika jina lake, nyumba, na nani analala humo, na mmoja wetu humpigia huyo anayelala humo kabla ya kumpigia fundi. Wapo waliochukizwa, wakasema msikiti umegeuka kituo cha polisi. Tumewaeleza sababu bila ya kutaja majina.

Mjane yule alikamilisha eda yake. Mahakama ilimteua msimamizi, mirathi ikagawanywa, na shemeji zake walipata haki yao kupitia mlangoni. Wiki iliyofuata alituomba tumpelekee Mzee Funguo abadilishe silinda ya mlango wa mbele. Mzee alichukua fedha ya kifaa na akasamehe ya kazi. Zilitoka funguo tatu: mbili anazo mwenyewe, na ya tatu iko kwa yule jirani wa barazani.