Nywila Isiyomchosha Mhudumu

Zamani siri ya mgonjwa ilikaa katika jalada, na jalada katika kabati lenye kufuli. Leo, katika vituo vingi vya afya nchini, taarifa hizo zimo katika mifumo ya kompyuta kama GoT-HoMIS, na kufuli lake ni nywila. Katika kata ya vijijini kama Busi, wilayani Kondoa, ambako muuguzi na mgonjwa huweza kuwa majirani, kufuli hilo lina uzito wa pekee. Jibu la kipimo cha VVU likivuja, nyumba huweza kuvunjika.

Lakini kufuli linalosumbua mno huachwa wazi. Foleni imejaa asubuhi, na kompyuta inamwarifu mhudumu, kwa Kiingereza, kwamba nywila yake imekwisha muda. Anaandika mpya, inakataliwa bila kuelezwa sababu. Mtaalamu wa TEHAMA yuko mbali. Hapo ndipo karatasi yenye nywila hubandikwa kando ya skrini, au watumishi kadhaa hutumia akaunti moja. Siri hupotea, na uwajibikaji nao: dozi ikikosewa, mfumo hutaja jina la mtu ambaye pengine hakuwa zamu.

Ushauri wa wataalamu umebadilika. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa mwongozo unaoshauri watumiaji wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda fulani, kwa kuwa wengi hugeuza tarakimu ya mwisho tu. Ibadilishwe pale inapodhihirika kuwa imejulikana na mwingine. Mwongozo huo ulitanguliza pia urefu kuliko mchanganyiko wa alama. Maneno manne yasiyohusiana, mathalani ulezi, daraja, kengele na twiga, hukumbukwa kwa urahisi na hukisiwa kwa shida. Jitungie yako, usitumie mfano huu uliochapishwa.

Katika kompyuta ya mezani yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na Delete, kisha chagua mstari wa kubadili nywila. Andika ya zamani mara moja na mpya mara mbili. Kumbuka kwamba nywila ya kompyuta si lazima iwe ile ya mfumo wa wagonjwa. Hiyo hubadilishwa ndani ya mfumo wenyewe. Fanya kazi hiyo wakati wa utulivu, si mbele ya foleni.

Wasimamizi wa mifumo nao wana wajibu. Maelekezo yawe kwa Kiswahili, masharti yaonekane kabla mtumiaji hajaandika, na aruhusiwe kuona anachoandika akiwa peke yake. Mtumishi anapohama, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Hivyo mgonjwa anayeona nywila imebandikwa mapokezini ana haki ya kumweleza mganga mfawidhi. Naye mganga asiishie kumkaripia aliyeibandika. Aulize kwanza ni ugumu gani uliomfikisha hapo, kisha auondoe.