Kope Zinazowasha Kila Siku

Mama wa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akiamka kope zimegandamana kwa tongotongo, hulaumu vumbi na moshi wa kuni. Hivyo huchochea tu. Nyuma ya mashina ya nywele za kope mna tezi ndogo za mafuta. Zikiziba, ukingo wa kope huvimba na kuwasha. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayaishi kwa chupa moja ya dawa. Hutunzwa.

Chemsha maji, hasa yakiwa ya ziwa, uyaache yapoe hadi mkono uyavumilie. Chovya kitambaa safi, ukibandike juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kila kinapopoa. Kisha kanda taratibu kope ya juu kuelekea chini, na ya chini kuelekea juu, halafu futa magamba ukingoni. Fanya asubuhi na jioni, hata baada ya kupata nafuu. Askari wa zamu ya usiku naye asiache. Wanja uwekwe kando kwanza.

Usinunue matone kwa kubahatisha: yenye steroidi, yakitumiwa ovyo, huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo ndani ya jicho. Nywele zikigeukia ndani na kukwaruza, huenda ni trakoma. Hapo, au jicho likiuma na kuona kukififia, nenda zahanati, au kituo cha macho cha Ruharo mjini Mbarara.