Jinsi ya Kukinga Maua na Miche Dhidi ya Jalidi Naivasha

Usiku mmoja wa jalidi unatosha kuharibu kazi ya miezi kadhaa. Miche iliyokuwa mibichi jioni huamka na majani meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kwa mwenye kitalu kidogo kando ya barabara, hasara hiyo ndiyo karo ya shule au mtaji wa msimu unaofuata.

Baridi ya Julai si sawa na ya Januari

Wengi huogopa zaidi baridi ya Juni hadi Agosti. Miezi hiyo mawingu hutanda mchana na usiku, na mawingu hufanya kazi ya blanketi: huzuia joto la ardhi kupotea. Tatizo kubwa wakati huo ni unyevu, unaoleta ukungu kwenye majani na maua.

Jalidi hupiga sana kati ya Desemba na Februari. Mchana jua huwa kali, usiku anga huwa wazi na upepo hutulia. Joto la ardhi hupanda juu na kupotea, na kufikia alfajiri majani huwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 za Selsiasi huku nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi.

Mahali pa shamba pia ni muhimu. Mji wa Naivasha uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kinangop ulio mashariki unazidi mita 2,400. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka miinuko usiku na kutuama mabondeni. Shamba lililo kwenye shimo au nyuma ya ua mzito huumia kuliko lililo kwenye mteremko. Walio karibu na ziwa hupata nafuu, kwa kuwa maji hupoa polepole.

Mimea iliyo hatarini

Begonia, jerani, fushia na miche michanga ya bogenvilia huumia haraka. Kwenye bustani ya mboga, nyanya, pilipili hoho, maharagwe na viazi havistahimili jalidi. Kabeji, sukuma wiki na vitunguu huvumilia zaidi.

Hatua za kuchukua

Dalili za kuangalia jioni ni tatu: anga bila wingu, upepo kutulia, na baridi kushuka ghafla jua linapotua. Zikionekana, mkulima afanye yafuatayo:

• Amwagilie udongo maji mchana, si usiku. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua na kulitoa polepole usiku.
• Aingize ndani mimea iliyo kwenye mikebe na vyungu, au aiweke barazani chini ya paa.
• Afunike miche kwa magunia, nyasi kavu au shuka kuukuu kabla ya giza. Karatasi ya nailoni ishikiliwe na fito, kwani jani linaloigusa huungua.
• Aondoe vifuniko jua likishatoka, ili mimea ipate mwanga na isichemke.
• Apunguze mbolea ya naitrojeni miezi ya hatari. Machipukizi mororo ndiyo hufa kwanza.

Katika nchi za Ulaya, mimea kama jerani hukaa ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Naivasha hakuna haja hiyo, kwa sababu mchana huwa na joto la kutosha. Mmea uingie jioni na utoke asubuhi. Ukilazimika kukaa ndani siku nyingi, uwekwe karibu na dirisha, upewe maji kidogo, na uchunguzwe kama una nzi weupe chini ya majani.

Onyo kuhusu jiko la makaa

Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya kivungulio kilichofungwa wala katika chumba ambamo watu wanalala. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inayoua. Mashamba makubwa yanayopasha joto vivungulio hutumia mitambo maalumu. Shamba la Oserian, kwa mfano, lilianza kutumia joto la mvuke wa Olkaria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa mkulima mdogo, gunia ni salama na ni nafuu.

Jalidi ikishapiga

Mmea usikatwe siku hiyo hiyo. Majani yaliyokauka hukinga machipukizi yaliyo chini yasipigwe na jalidi inayofuata. Baada ya wiki mbili au tatu, mkulima akwaruze gome kwa ukucha: kijani kikionekana, shina liko hai, na sehemu kavu tu ndiyo ikatwe.

Wakazi wanaohitaji ushauri zaidi wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao, na wafuatilie utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda.