Fahamu: Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 31. Kubwa kuliko zote zilizothibitishwa, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, nayo ina tarakimu 41,024,320.

Umbo lake

Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Ili iwe tasa, sharti kipeo chake kiwe tasa, lakini hilo halitoshi, kwani kipeo cha 11 huleta 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mersenne mwenyewe, mwaka 1644, alihesabu ile ya kipeo cha 67 kuwa tasa, lakini Frank Nelson Cole wa Marekani alionyesha, mwaka 1903, kwamba ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287.

Huthibitishwaje

Jaribio la namba za Mersenne, liitwalo la Lucas na Lehmer, huanza na 4, ambayo huzidishwa kwa yenyewe na kupunguzwa 2, kisha huchukuliwa baki la kuigawanya kwa namba inayopimwa, na hatua hiyo hurudiwa mara pungufu ya kipeo kwa 2. Kwa 31, yenye kipeo cha 5, hupatikana 14, kisha 8, kisha 0, na sifuri hiyo ndiyo ithibati.

Ina faida gani

Usiri wa mawasiliano ya intaneti hutumia namba tasa ndogo mno kuliko hii. Thamani yake imo katika nadharia ya namba yenyewe.